Pima mwenyewe kaboni iliyomo kwenye mti wa shambani kwako

Tukiwa shambani tunapunguzia machipukizi visiki hai (visiki vya miti iliyokatwa ambavyo bado vinachipua) huku Dodoma, hakosi wa kuuliza: hiyo hewa ya ukaa mnayosema mti unaivuta, inakaa wapi? Ni lile shina lenyewe. Mti haujengi shina kwa kula udongo. Majani huvuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu ya jua huiunganisha na maji ya mizizi kuwa chakula, na hicho ndicho kinachogeuka kuwa mti. Kwa hiyo inapimika, hata kwa futi ya fundi cherehani.

1. Unene. Zungushia futi kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Mkungugu, ule mti wa miiba wa jamii ya mgunga, mara nyingi hugawanyika chini kabisa. Kila shina lipigie hesabu yake. Mbuyu uache. Ni laini, umejaa maji, hesabu hii itakudanganya.

2. Urefu. Usipande, miiba ile haina urafiki. Nyoosha mkono, shika fimbo wima. Sehemu iliyo juu ya ngumi ilingane na umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ngumi. Rudi nyuma mpaka ngumi ionekane imekaa kwenye kitako cha mti na ncha ya fimbo iguse kilele. Kutoka hapo hadi kwenye shina ndio urefu.

3. Uzito mkavu. Kipenyo (sentimita) mara kipenyo, mara urefu (mita), mara 0.6. Jibu litie kipeo cha 0.976, kisha zidisha kwa 0.0673. Kwenye simu nyingi, kitufe cha kipeo hujitokeza ukiilaza simu.

Mfano: mzingo 94, kipenyo 30, urefu 8. Unapata 4,320, kisha kilo 238 hivi, bila mizizi. Ile 0.6 ni gramu za mti mkavu katika kila sentimita moja ya ujazo, na mkungugu huzidi hapo. Mimi bora nikosee kwa kupunguza.

4. Kaboni, yaani ile sehemu ya hewa ya ukaa inayobaki kwenye mti. Zidisha uzito mkavu kwa 0.47: kilo 112. Ukitaka hewa ya ukaa iliyovutwa, zidisha tena kwa 3.67: kama kilo 410.

Rudia kila Mei, mvua zikishakatika. Kilichoongezeka ndicho mti ulichoweka mwaka huo. Majani yaliyopukutika usiyahesabu. Mchwa na vijidudu huyala na kuirudisha hewa yake angani, kiasi kidogo tu hubaki udongoni. Na mti uliochomwa mkaa ufute kwenye daftari: hewa nyingine imetokea tanurini, iliyobaki itatokea jikoni kwa mtu mjini.