Jinsi ya kujaribu gari la mkononi Tanga kabla hujaachana na lako

Unapokwenda kutazama gari jingine, anayekudanganya zaidi si dalali, ni gari lako mwenyewe. Aliyezoea shokapu zilizokufa na usukani uliolegea, akikaa kwenye gari lolote lenye nafuu kidogo ataliona limetulia kama jahazi bandarini. Kwa hiyo siku hiyo anza na lako. Lipitishe njia ile ile utakayopita na la muuzaji, redio imezimwa na vioo vimeshushwa, kisha andika vitu viwili au vitatu usivyotaka kuvipoteza na vile unavyovikimbia. Kama kinachokukera ni kukwaruza chini kila unapoingia nyumbani, kimo cha gari ndicho kipimo chako, rangi na redio vitasubiri. Kama hubeba magunia ya machungwa kutoka Muheza, usijaribu gari likiwa tupu.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na uende asubuhi. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, ahirisha mpaka kesho, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa huficha stata nzito, moshi wa mwanzo na mlio wa cheni. Ikiwa baridi, fungua rejeta (kamwe usiifungue ikiwa ya moto) utazame maji. Yenye rangi ya kutu yanakuambia mwenyewe hajaweka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), ametia maji ya bomba au ya kisima tu. Huku kwetu maji mengi yana chokaa au chumvi, na hivyo hugandia ndani ya rejeta. Kifuniko cha oili kikiwa na utando kama maziwa, shuku maji yanaingia kwenye oili.

Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, lakini usiwashe injini bado. Taa ya injini, ya oili, ya ABS (breki zisizokwamisha magurudumu) na ya airbag zote lazima zionekane, kisha zizime injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayogoma kuzima, maana huenda mtu ameing'oa balbu. Washa injini huku mwenzako amesimama nyuma. Moshi wa bluu ukitoka kidogo na kukoma, sili za valvu zimechoka. Ukiongezeka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Mweupe unaoendelea injini ikiwa imepata moto ni wa kuogopa: Tanga hakuna baridi ya Lushoto ya kusingizia mvuke, na mara nyingi hapo gasketi ya hedi imeungua. Ukiwa na mita ya volti, betri yenye afya injini ikiwa imezimwa husoma karibu 12.6, na injini ikiunguruma 13.8 hadi 14.5. Chini ya hapo alteneta, inayochaji betri, ina kesi.

Kabla ya kuondoka, hakikisha bima iko hai na mwenye gari au mtu wake amekaa pembeni yako. Usipuuze hili, mgongano mmoja kwenye gari lisilo na bima utakula fedha ya kununulia gari.

Anzia mitaa ya Ngamiani, mwendo wa taratibu. Gari la otomatiki likichelewa zaidi ya sekunde mbili kushika gia kutoka R kwenda D, au likishtuka kwa kishindo, gia boksi inachoka. La CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) likitetemeka wakati wa kuanza kuondoka, muulize fundi wa gia boksi, si wa injini. La manyu (gia za mkono), likiwa gia ya tatu kwa kilomita 40, kanyaga mafuta kwa nguvu: mlio ukipanda na spidi ikabaki palepale, klachi imekwisha. Kisha tafuta uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole, kulia halafu kushoto. Mlio wa ka-ka-ka ni joint za draiva shafti.

Barabara ya Segera ndiyo itakayokuambia mengi, ukishapita Kange. Mjini na vijijini kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki hazijali kwamba unajaribu gari. Subiri sehemu inayoruhusu uongeze hadi 80. Usukani ukitetemeka bila kugusa breki, mara nyingi ni balansi ya matairi. Ukitetemeka unapofunga breki, diski zimepinda. Mvumo unaokua na spidi ni beringi ya gurudumu. Ukikata kona kwenda kulia ukazidi, ya kushoto ndiyo inayolia, kwani ndiyo iliyobeba uzito. Halafu ingia barabara ya vumbi yenye mashimo, uende mwendo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Hapo stabilaiza linki iliyokwisha hugonga kok-kok, na bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini) zilizochoka hulia kama mlango mbovu.

Tatizo la mji wetu ni utambarare: gia inayoteleza hutaigundua Raskazone. Pakia watu wanne wazima, tafuta mwinuko. Muuzaji akikubali, milima ya njia ya Amani kupitia Muheza ni mtihani wa haki.

Ukirudi, acha injini iungurume dakika kumi na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Feni ya rejeta lazima izunguke na geji ya joto isipande. Zima, ngoja dakika kumi nyingine, liwashe tena, kisha chungulia chini. Maji safi yanayodondoka ni ya kiyoyozi, na kwa unyevu wa pwani yatakuwa mengi, usiogope. Mekundu yenye utelezi wa mafuta ni oili ya gia boksi au ya usukani; ya kijani au waridi yanayonata, kulanti.

Maadamu uko chini, shughulikia chumvi. Gari lililolazwa karibu na bahari huoza kutoka chini huku bodi ikimeremeta. Dunga kwa bisibisi pale shokapu zinapokamatia na chini ya tairi la akiba; mabomba ya breki yatazame tu kama yana kutu, usiyadunge. Bisibisi ikizama, ondoka. Tairi nazo zina tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kumbuka pia kwamba herufi D au E kwenye namba ya usajili huonyesha takriban lini gari lilisajiliwa nchini, wala si mwaka lilipotengenezwa. Linganisha namba ya chasisi na kadi, angalia mtandaoni kama lina deni la faini za trafiki, ndipo mkae kuzungumza bei.