Shule zikifungwa, anza na usingizi
Mwaka 2020 UVIKO-19 ilipofungisha shule, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikosa darasa. Kilichoyumba mapema kwa wengi ni usingizi: simu mpaka saa nane usiku, kuamka adhuhuri, kisha hasira za ghafla na daftari lisilofunguliwa. Tuliuita uvivu, na kwa kweli tuliwaonea. Janga likibisha hodi tena, shikilia muda uleule wa kuamka kila siku, hata Jumapili, na mtoto atoke apate mwanga wa asubuhi. Usimuulize "uko sawa?", atakujibu "poa" tu. Muulize amemkumbuka nani darasani, kisha mpigieni simu huyo rafiki. Akisema amechoka kuishi, usingoje kesho. Mpeleke kwa mtaalamu siku hiyohiyo.