Kupima ushikamano wa chembe sahani bila kuzichokoza

Mgonjwa anatokwa damu puani kila mara, au hedhi yake haikatiki, na hesabu ya chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoshikana kuziba jeraha, imerudi ya kawaida. Zipo, lakini je, zinafanya kazi? Kipimo cha kupitisha mwanga, alichokichapisha Gustav Born mwaka 1962 akiwa London, ndicho kinachojibu. Plazma, yaani majimaji ya damu, ikijaa chembe sahani huwa na ukungu. Ukiitia kichocheo, chembe hushikana, plazma hutakata na mwanga hupita zaidi. Kanuni yenyewe nyepesi. Ugumu ni kwamba chembe hizi hustuka upesi, na majibu mengi ya uongo huanzia kwenye utoaji wa damu.

Anza na dawa. Chembe iliyozimwa na aspirini haiamki tena mpaka ife, kwa hiyo mhusika awe amekaa siku 10 bila aspirini, na siku 3 bila ibuprofeni au diklofenaki. Uliza na dawa za mafua, maana baadhi zina aspirini ndani. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila idhini ya daktari wake. Afike akiwa hajala, kwa kuwa plazma yenye mafuta huziba mwanga, na asivute sigara nusu saa kabla.

Tumia sindano ya geji 21, na ulegeze kamba ya mkononi mara damu inapoanza kutiririka. Mililita 3 za kwanza zitie tyubu nyingine: zimebeba vichocheo vya kuganda kutoka kwenye mshipa uliotobolewa. Zinazofuata zijaze tyubu ya kizibo cha bluu yenye sodiamu sitreti 3.2%, mililita 2.7 za damu kwa 0.3 za sitreti. Tyubu isipojaa, sitreti huzidi na kufunga kalisi nyingi mno, chembe zikaonekana dhaifu. Hivyo hivyo hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo seli nyekundu, ikipita 55%: punguza sitreti, mililita za kutia ziwe 0.00185 × (100 − hematokriti) × mililita za damu. Pindua tyubu taratibu mara 4, usiitikise. Usiiweke kwenye friji wala barafu. Baridi hubadilisha umbo la chembe. Iache dakika 15 kwenye joto la chumba.

Zungusha tyubu kwenye sentrifuji kwa 200 g (mara 200 ya nguvu ya uvutano), dakika 10, breki ikiwa imezimwa. Angalia ni g, si mizunguko kwa dakika: rota ya nusu kipenyo cha sentimita 15 hufikia 200 g kwenye mizunguko 1,090 hivi. Fyonza plazma ya juu kwa pipeti ya plastiki, kwa sababu kioo huziamsha chembe, na usikaribie utando mweupe ulio juu ya seli nyekundu. Damu iliyobaki izungushe tena kwa 1,500 g, dakika 15, upate plazma isiyo na chembe. Mgonjwa mwenye chembe kubwa mno, kama wa Bernard-Soulier, ugonjwa wa kurithi wa chembe sahani, usimzungushie: chembe zake huzama pamoja na seli nyekundu. Simamisha tyubu, zitengane zenyewe.

Hesabu chembe kwenye plazma. Zikiwa 150 hadi 600 × 10⁹ kwa lita, usizimue. Chini ya 150, mchoro dhaifu wa mwanga kwenye mashine haukuambii kitu.

Kwenye mashine ya kupima mwanga, nyuzi 37, plazma yenye chembe ndiyo 0%, isiyo na chembe ndiyo 100%. Kikorogeo kizunguke mara 1,000 kwa dakika. Kikisahaulika, unapata mstari mnyoofu unaofanana kabisa na wa ugonjwa wa Glanzmann, wa kurithi, ambao chembe haziwezi kushikana. Tia vichocheo: ADP mikromoli 2 kwa lita, kolajeni mikrogramu 2 kwa mililita, adrenalini mikromoli 5, asidi arakidoniki milimoli 1, na risitosetini miligramu 1.2 kwa mililita, kila kimoja kwenye kikombe chake. Pima pia mtu mzima wa afya siku hiyo hiyo, na umalize yote ndani ya saa 4 tangu damu itoke.

Vichocheo vyote vikikataa isipokuwa risitosetini, fikiria Glanzmann. Risitosetini peke yake ikikataa, ongeza plazma ya mtu mwenye afya: mchoro ukipanda, kasoro iko kwenye fakta ya von Willebrand, protini ya plazma inayonatisha chembe kwenye jeraha; ukibaki chini, shuku Bernard-Soulier. Asidi arakidoniki ikikataa, rudi kwanza umuulize tena kuhusu aspirini. Na mchoro wowote usio wa kawaida urudiwe kwa damu mpya, siku nyingine, kabla jina la ugonjwa halijaandikwa kwenye faili.