Umeme wa hosteli: anza kwenye mita, karatasi ya "Zima Taa" ije baadaye

Karibu kila hosteli ya chuo niliyowahi kuingia nimekuta karatasi ile ile juu ya swichi: ZIMA TAA UTOKAPO. Mimi ni matroni wa hosteli ya wasichana huku Mbeya, na karatasi hizo nimezibandika kwa mkono wangu miaka kadhaa kabla sijakaa na kalamu nikahesabu umeme wetu unakwenda wapi.

Hesabu yenyewe ni hii. Asubuhi ya Julai maji ya bomba yana baridi ya nyuzi 15 hivi. Mwanafunzi akitaka ndoo ya lita 20 iliyofika nyuzi 40, hita yake itakula karibu uniti 0.6. Kwa umeme huo huo, taa ya LED ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 60. Kwa hiyo binti anayezima taa kila atokapo, halafu anaoga ndoo nzima ya moto kila alfajiri, ametii karatasi yangu na bili haijasikia chochote. Kosa lilikuwa la karatasi.

Mwongozo huu nawaandikia walezi wa hosteli na viongozi wa serikali za wanafunzi. Hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji kaunta buku, fundi umeme wa chuo aliye tayari kukufungulia kijumba cha mita, na uvumilivu wa wiki mbili kabla hujatangaza lolote.

Hatua ya 1: Soma mita, kila siku, saa ile ile

Mimi husoma saa nne usiku. Saa yoyote inafaa mradi isibadilike, maana ukisoma leo saa mbili na kesho saa tano, umepima saa 27 ukadhani ni siku moja.

Kama bloku yako inatumia Luku, mita inakuonyesha uniti zilizobaki. Chukua zilizobaki jana, jumlisha zilizonunuliwa, toa zilizobaki leo. Hayo ndiyo matumizi. Kama ni mita kubwa ya kawaida, toa namba ya jana kwenye ya leo. Lakini muulize fundi kwanza kama mita hiyo imefungwa na CT, vile vitransfoma vidogo vinavyozunguka nyaya kubwa. Baadhi ya mita za namna hiyo huonyesha sehemu tu ya matumizi, na lazima uzidishe. CT ya 200/5, kwa mfano, ni kuzidisha mara 40. Nimeona watu wakishangilia bloku "inayotumia uniti tatu kwa siku" kwa kutolijua hilo.

Kisha gawa kwa vichwa. Tuseme mita ilisoma 48,210 jana na leo 48,322: ni uniti 112. Wanaolala humo ni 96, basi ni uniti 1.17 kwa kila mmoja. Hesabu wanaolala kweli, pamoja na wanaobebana, yaani wale wanaolala kwenye kitanda cha mwenzao bila kuandikishwa. Waambie wazi kwamba orodha hii haiendi ofisi ya malazi, na usiipeleke. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, hakuna atakayekuambia ukweli tena kuhusu jambo lolote.

Kama bloku zote zinachangia mita moja, omba chuo kifunge mita ndogo kwa kila bloku. Ombi hilo lipiganie kuliko mengine yote. Bila namba yao wenyewe, wanafunzi wataendelea kuamini kwamba wanaopoteza umeme ni wa bloku ya jirani.

Hatua ya 2: Tafuta joto

Tembea vyumbani na kipimo cha plagi, kile unachochomeka kwenye soketi halafu kifaa kinachomekwa juu yake. Andika wati. Utaona mpangilio ule ule kila mahali: simu wati chache, laptop wati 50 au 60, taa ya LED 9, redio kidogo, halafu ghafla pasi 1,000, jiko la koili 1,000 hadi 2,000, hita ya maji 1,500. Chochote kinachotengeneza joto kinakula umeme kuliko vingine vyote kwa pamoja.

Hapa ndipo nilipokosea. Mwaka wangu wa pili kazini niliongoza msako. Tulikusanya hita na majiko, tukajaza sanduku zima, nikajiona nimemaliza kazi. Haikupita wiki mbili, hita zikarudi, safari hii za bei rahisi kuliko zile za mwanzo, nyingine ni waya mtupu uliozungushwa kwenye kipande cha mti. Alfajiri moja nikasikia ukelele bafuni. Binti alikuwa ameingiza kidole kwenye ndoo kupima joto, hita ikiwa bado kwenye soketi. Nilimkuta amekaa chini sakafuni, mkono umekufa ganzi, anatetemeka, na kitu cha kwanza alichonieleza hakikuwa maumivu. Alisema, "Shikamoo mama. Nisamehe. Lakini ningeogaje? Nina mtihani saa mbili na maji yanauma kama sindano."

Sikuwa na jibu. Namshukuru Mungu alipona bila kovu. Tangu siku ile sijanyang'anya kifaa mtu ambaye sijampa njia nyingine ya kufanya kile alichokuwa anakifanya nacho.

Hatua ya 3: Chuo kianze na vyake

Hii ni fupi na ndiyo inayorukwa zaidi. Taa za korido zikiwaka saa sita mchana, kampeni yako imekufa kabla ya kuzaliwa, kwa sababu kila mwanafunzi anazipita akienda kula. Tengenezeni swichi zilizoharibika. Badilisheni tyubu za zamani za wati 36 kwa LED za wati 18. Bomba la maji linalovuja nalo ni umeme, kama maji yenu hupandishwa kwa pampu. Fanyeni hayo, kisha mwaseme wanafunzi.

Hatua ya 4: Fungua jiko, na panga maji ya moto

Mwanafunzi hapiki chumbani kwa ukaidi. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, chakula cha kafteria hakinunuliki, na maharage nusu kilo yanawalisha watu wanne. Tatizo ni kwamba huku nyanda za juu, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 tu. Ndiyo maana maharage ya Mbeya yanachelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam, na jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa mbili limekula uniti 2 kwa chungu kimoja.

Suluhisho letu lilikuwa jiko la presha la umeme. Ndani yake presha hupandisha joto la kuchemkia, maharage yanaiva haraka, na kwa kuwa limefunikwa vizuri, sehemu kubwa ya muda linakuwa limejizima lenyewe. Chungu kile kile mara nyingi hakifiki hata nusu uniti. Tulianza na majiko mawili kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Mambo matatu yaliyokifanya chumba kile kidumu: soketi zilivutiwa waya wake kutoka kwenye bodi ya umeme na kuwekewa breka yake, ratiba ya kupika iliandikwa na wanafunzi wenyewe, na ufunguo anakaa nao kiongozi wa korido, si mimi. Nilipokuwa naushika mimi, saa nne usiku chumba kilifungwa na saa nne na nusu majiko yalikuwa yamerudi chini ya vitanda.

Kwa maji ya kuoga, kama chuo kina uwezo, hita ya jua juu ya paa inafaa sana huku, maana miezi yetu ya baridi ndiyo miezi ya kiangazi na anga huwa jeupe mchana kutwa. Kama uwezo haupo, shauri nusu ndoo badala ya ndoo nzima, na ndoo ifunikwe. Halafu panga zamu, na sababu ya zamu ni fedha.

TANESCO huwatoza wateja wakubwa, wa makundi ya bei ya T2 na T3, kwa njia mbili: uniti walizotumia, na kilele cha matumizi ya mwezi, yaani umeme mwingi zaidi waliouvuta kwa wakati mmoja, kinachopimwa kwa kVA. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, T2 ilikuwa shilingi 195 kwa uniti na shilingi 15,004 kwa kila kVA moja ya kilele. Sasa fikiria hita 40 za wati 1,500 zinachomekwa pamoja saa kumi na moja alfajiri. Ni kVA 60, na kwa bei hiyo chuo kinaweza kulipa zaidi ya shilingi 900,000 kwa mwezi kwa ajili ya kilele hicho peke yake, hata kama siku nyingine zote mlibana. Hita hizo hizo zikigawanywa zamu mbili, nusu ya kiasi hicho inaondoka na hakuna aliyeoga maji baridi. Mwombe mhasibu bili ya chuo, tafuta mstari wa kVA, uwaonyeshe wanafunzi. Wa uhandisi wataanza kubishana wenyewe namna ya kupanga zamu.

Hatua ya 5: Namba ikae mahali pa kuonekana

Mwanafunzi wa hosteli halipii umeme kwa uniti. Ada ya malazi ni ile ile akiwasha asiwashe. Kwa hiyo kitu pekee kinachoweza kumfikia ni kuona. Mwaka 2005, katika Chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio huko Marekani, walifanya shindano la wiki mbili kati ya mabweni. Kwa wastani matumizi ya umeme yalishuka kwa asilimia 32. Lakini kilichonifundisha mimi ni tofauti iliyokuwa ndani yake: mabweni yaliyopewa taarifa ya mita mara moja kwa wiki yalishusha asilimia 31, na yale yaliyoweza kuona matumizi yao papo hapo yakashusha asilimia 55.

Sisi hatuna skrini. Tuna ubao mlangoni, pale ambapo lazima upite ukitoka, na kila asubuhi unaandikwa namba moja: uniti kwa kichwa, jana. Chini yake, namba ya wiki iliyopita. Picha ya ubao inatumwa kwenye grupu la WhatsApp la bloku. Usiandike "uniti 112" peke yake, haimwambii mtu kitu. Andika na mfano: "Jana tumetumia uniti 14 zaidi ya juzi. Hizo ni ndoo 24 za maji ya moto."

Ukilinganisha korido na korido, jihadhari na jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanyika San Marcos, California, uliwapa wenye nyumba taarifa ya matumizi yao na wastani wa majirani. Waliokuwa juu walipunguza. Waliokuwa chini, walipojua wako chini, wakaongeza. Lakini pale taarifa ilipochorewa kisura cha tabasamu, waliokuwa chini walibaki chini. Nami nachora. Korido iliyo chini ya wastani inapata nyota ya chaki nyekundu, na nimeona wasichana wa mwaka wa tatu wakiigombania nyota hiyo kama watoto wa chekechea.

Hatua ya 6: Shindano, likiwa fupi

Wiki mbili zinatosha, tatu nyingi. Epuka wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, watu wanakesha na hawana nafasi ya kufikiria mita. Kila bloku ishindane na matumizi yake ya mwezi uliopita kwa asilimia, kwa sababu bloku ya ghorofa nne haiwezi kulinganishwa na ya ghorofa mbili. Zawadi iwe ya wote: pilau ya Jumamosi, au kiasi cha fedha kilichookolewa kinunue jiko la presha la tatu. Ukiwazawadia watu mmoja mmoja, utazaa upelelezi wa chumba kwa chumba.

Na weka sharti tangu mwanzo: taa za ngazi, vyoo na njia ya nje haziguswi. Wasichana wangu wangekuwa tayari kutembea gizani ili washinde. Sikubali.

Utaulizwa swali, mimi huulizwa kila mwaka: "Mama, Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, umeme si upo wa kutosha?" Jibu kwa heshima, maana ni swali zuri. Umeme upo, ila chuo kinaununua, na transfoma ya hapa nje ni ile ile iliyofungwa kabla ya bwawa. Breka ikianguka usiku wa mtihani, kinachokuwa kimezidiwa ni nyaya za humu ndani.

Kabla ya kufunga chuo, pita kila chumba na mwenye chumba, chomoa kila plagi, halafu soma mita usiku wa kwanza wa likizo. Kitakachoonekana hapo ndicho jengo linakula likiwa tupu, na ni kazi ya fundi kukitafuta kabla ya Oktoba.

Wakirudi, usianze na mkutano. Usiku wa kwanza, saa nne, mchukue binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mwende naye kwenye kijumba cha mita na tochi. Mwache asome tarakimu kwa sauti, wewe andika kwenye kaunta buku. Kesho yake mpe yeye kalamu.