Kusoma namba kamili kutoka faili la baiti kwa lugha ya C bila kutegemea aina ya kompyuta

Chukua picha ya PNG yenye upana wa pikseli 640. Upana huo umehifadhiwa kwa baiti nne, kuanzia nafasi ya 16 ya faili (ukihesabu kutoka 0): 00 00 02 80, zilizoandikwa kwa msingi wa 16. Ukiitumia `fread`, kazi ya C ya kusoma faili, kuzimimina baiti hizo moja kwa moja ndani ya kigeu cha `int` chenye biti 32, kwenye prosesa ya x86 utapata -2147352576, kwa kuwa prosesa hiyo hutanguliza baiti yenye uzito mdogo ilhali PNG hutanguliza yenye uzito mkubwa.

Wengi wakifika hapa huanza kuchunguza kompyuta yao ni ya aina gani ili wajue kama wazigeuze baiti au waziache. Kwa maoni yangu uchunguzi huo hauhitajiki kabisa. Kinachotakiwa ni kuujua mpangilio wa faili, ambao hutajwa katika maelezo ya muundo wake, kisha kuijenga namba kwa hesabu, baiti baada ya baiti. Alama ya `<<` husogeza thamani yenyewe, wala haihusiki na namna kumbukumbu ilivyopangwa.

```c
#include <stdint.h>

uint32_t soma_kubwa32(const unsigned char *b)
{
    return (uint32_t)b[0] << 24 | (uint32_t)b[1] << 16
         | (uint32_t)b[2] << 8  | (uint32_t)b[3];
}
```

Kwa faili linalotanguliza baiti yenye uzito mdogo, kama la picha ya BMP, geuza tu namba za nafasi: `b[3]` ndiyo isogezwe biti 24. Usihofie kasi, maana kompaila za GCC na Clang hulitambua umbo hili na mara nyingi hulifanya agizo moja la kusoma kumbukumbu.

Tafadhali usiyaondoe yale maneno `(uint32_t)`, yanayoigeuza baiti kuwa namba ya biti 32 isiyo na ishara. Bila hayo, `b[0]` hupandishwa kuwa `int` kabla ya kusogezwa, na baiti ya 0x80 au zaidi ikisogezwa biti 24 huvuka uwezo wa `int` ya biti 32, jambo ambalo kanuni za C hazikulipa maana yoyote. Kosa hili hujificha muda mrefu kwa sababu namba ndogo hupita salama. Vilevile tumia `unsigned char`, kwani `char` tupu huweza kubeba thamani hasi.

Faili lifunguliwe kwa `"rb"`, yaani hali ya kusoma baiti kama zilivyo. Kwenye Windows, hali ya maandishi hubadilisha 0D 0A kuwa 0A, na baiti ya 1A huweza kuhesabiwa kuwa mwisho wa faili. Hakikisha pia kwamba `fread` imerudisha idadi uliyoomba, la sivyo utakuwa unasoma mabaki.

Usisome moja kwa moja ndani ya `struct`, yaani kundi la vigeu lenye jina moja. Kichwa cha faili la BMP kina baiti 14, lakini `struct` yenye sehemu zilezile kwa kawaida huchukua 16, kwa kuwa kompaila huongeza nafasi tupu baada ya sehemu ya kwanza.

Zinabaki namba hasi. Kimo cha BMP kikiwa hasi, mistari ya picha imepangwa kuanzia juu, kwa hiyo ishara ina maana. Kugeuza `uint32_t` kubwa kuwa `int32_t` kumeachwa kwa uamuzi wa kompaila; njia hii haimwachii uamuzi yeyote:

```c
int32_t kwa_ishara(uint32_t v)
{
    if (v <= INT32_MAX) return (int32_t)v;
    return -(int32_t)(UINT32_MAX - v) - 1;
}
```