Mlima Kenya: kagua theluji na maji kabla hujatoka Nairobi

Wengi wetu hutazama utabiri wa Nanyuki tukaridhika. Nanyuki iko mita 1,950 hivi. Pointi Lenana, kilele ambacho wapandaji wa miguu hufikia, iko mita 4,985. Manyunyu ya kule mjini huko juu ni theluji.

Hatua ya 1: Msimu. Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndiyo miezi mikavu zaidi. Wakati wa masika, njia ya Naro Moru ni tope tupu.

Hatua ya 2: Picha za setilaiti ya Sentinel-2, zinapatikana bure mtandaoni. Fungua mbili za siku tofauti. Mawingu huhama, theluji hubaki pale pale.

Hatua ya 3, na hii naisisitiza: mpigie mwelekezi aliyeshuka jana au juzi. Ukimuuliza "Kukoje?" atakwambia kuko sawa. Muulize theluji inaanzia wapi, inafika kifundoni au gotini, na kama changarawe ya chini ya Lenana huwa imeganda saa kumi alfajiri. Kisha muulize kijito cha mwisho chenye maji kiko wapi.

Hatua ya 4: Jaza chupa jioni, kwa sababu vijito vidogo huganda usiku. Ukitoka kambi ya Shipton's, ya mwisho kabla ya Lenana kwa njia ya Sirimon, beba maji ya kwenda na kurudi. Chupa ikae kichwa chini mkobani. Maji huanza kuganda kwa juu, hivyo mdomo hautaziba.

MASWALI

Mwalimu, si nitayeyusha theluji tu?
Inawezekana, ila inakula gesi sana. Tia maji kidogo kwanza, uongeze theluji polepole, la sivyo sufuria itaungua.

Maji ya mlimani si safi? Ya nini kuchemsha?
Dada, juu yako kuna wanyama na wapandaji wengine. Pale Shipton's, mita 4,200, maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi. Yaache yatokote dakika 3.

Januari hii nauona mlima nikiwa Thika Road, kilele ni cheusi. Niache vifaa vya theluji?
Usiviache, kaka. Kutoka Nairobi unaona upande wa kusini, na Januari jua liko kusini, linauyeyusha. Ukipandia njia ya Sirimon unafika Lenana kwa upande wa kaskazini, ambao mwezi huu uko kivulini na barafu yake.