Mlaze chali, mwanangu

Mkwe wangu alipojifungua akaja kwangu Tanga kukaa arobaini, kitu cha kwanza nilichokiondoa kitandani ni kile kimto alichopewa kwao ili kichwa cha mtoto kiwe cha mviringo. Kichanga hahitaji mto. Kimto kinamkunja kidevu hadi kifuani, na njia yake ya hewa ni nyembamba mno, inaziba upesi. Kichwa kitakaa sawa ukimweka kifudifudi akiwa macho, nawe umemkazia jicho, dakika chache mara mbili tatu kwa siku.

Usingizini, alale chali. Wa mchana na wa usiku. Katika miaka yangu ya ukunga, hapa ndipo wazazi waliponibishia zaidi: "Bibi, akicheua si atapaliwa?" Shika koo lako. Hilo bomba gumu unaloligusa kwa mbele ndiyo njia ya hewa. Ya chakula iko nyuma yake. Mtoto akilala chali, ya hewa inakuwa juu, ya chakula chini, kwa hiyo maziwa yanayorudi yanabaki chini naye anayameza. Mgeuze kifudifudi, yanashukia kwenye njia ya hewa. Ubavu nao siutaki, anabingirika.

Mwanangu wa kwanza nilimlaza kifudifudi, ndivyo tulivyofundishwa. Marekani walipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa karibu nusu miaka iliyofuata. Nikikumbuka zile usiku zangu, moyo unanienda mbio hadi leo.

Godoro liwe gumu, shuka moja iliyobanwa vizuri, basi. Blanketi, midoli na mito ya pembeni visikae naye. Alale chumba chenu kwa miezi 6 angalau, lakini mahali pake, hata kama ni kigodoro sakafuni kando yako. Chandarua chenye dawa kikaze na ukichomeke chini ya godoro, kisimwangukie usoni. Kulala naye kitanda kimoja ni hatari zaidi akiwa njiti, au mmoja wenu akivuta sigara au akiwa amelewa. Usiku ukimnyonyesha, usikae kwenye kochi. Usingizi ukikupitia hapo, mtoto anabanwa.

Joto la Januari huku kwetu halitaki kofia, soksi na kanga tatu. Gusa shingo kwa nyuma: ikiwa na jasho, mvue. Vidole vya baridi visikutishe.

Na jiko la mkaa la kumkanda mama lisilale chumbani. Mkaa ukishika vizuri hautoi moshi, lakini hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki.

Kichanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, kwa vipande, akiamka kunyonya kila baada ya saa 2 au 3. Akikataa ziwa, asiamke ukimchezeshea nyayo, midomo ikigeuka bluu, au akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, mbebe uende hospitali usiku huohuo.